Nguzo ya Chale

Mwanangu, siku tuliyoing'oa ile nguzo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa mtoni, chini ya mji wa Garsen. Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya vitu vya kale, ngoma na mitego ya samaki, alikuwa amerudi kwao na kutuachia jumba lake la makumbusho likiwa tupu. Sisi vijana tukasema sasa litakuwa nyumba ya kijiji. Tutasomea humo, tutashonea humo, na mbegu za mpunga za kila mama tutaziweka humo pamoja, juu ya uchaga wa miti.

Uani palikuwa na nguzo ya wazee, ya zamani kuliko jumba lenyewe. Kila mto ulipofurika walikata chale pale maji yalipofika. Mimi nilikuwa msichana wa maneno mengi, tena nimesoma kidogo, basi ndimi niliyesema tuipasue tupate mabenchi.

Nyanya yangu, Bibi Hawaye, akaja na fimbo yake. Hakupiga kelele. "Hadhura," akaniambia, "pimeni kwanza uchaga wa mbegu kwa chale ya juu, ndipo mkate." Chale hiyo ilikuwa juu ya kichwa changu. Nikamjibu kwamba maji ya namna hiyo yalikwisha na watu wake. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Uchaga tukaujenga wa kufika kifuani.

Masika yale mto ulipanda. Tulikimbia na watoto hadi nchi ya juu, mbegu tukaziacha, maana tulijua ziko salama. Tuliporudi kwa mtumbwi, mabenchi yetu yalikuwa yakielea mle ndani, na mpunga umeota kwenye magunia, unanuka. Kijiji kizima hakikuwa na cha kupanda. Njaa ile ilimchukua mdogo wangu Maro, kisha ikamchukua bibi. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonikaa moyoni hadi leo.

Nasikia nanyi mmepewa jumba lile mlifanye la vijana. Sikukatazi, mwanangu, na sijui hata kama utanisikia, mimi sikusikia. Ila kabla hujaondoa kitu, muulize aliyekikuta pale, na akikujibu usimcheke. Yule niliyemcheka mimi yuko kaburini, sina wa kumwomba radhi.

Mungu akujalie mpunga wa kupanda kila mwaka, na akupe sikio nililolikosa mimi.