Mate Mlangoni

Mama hakuwa na saa ya mkononi, wala hakuihitaji. Akinituma dukani alitema mate mbele ya mlango, palepale kwenye saruji, akayaonyesha kwa kidole. "Haya. Yasikauke kabla hujarudi." Mtoto yeyote wa mtaa wetu wa nyumba za kaunsili ya jiji, huku Eastlands, alilijua agizo hilo. Mama zetu walitumwa hivyo walipokuwa wadogo, na sisi wakatutuma vivyo hivyo. Hukuuliza swali. Ulishika chupa ya mafuta ya taa, ukatoka mbio.

Nilikuwa na miaka saba. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori, ukishapita uwanja wa vumbi ambao wavulana walichezea mpira wa makaratasi. Njiani nilikariri nilichotumwa: unga wa ngano, kiberiti, sabuni ya kipande, unga wa ngano, kiberiti, sabuni ya kipande. Ole wake aliyenikatiza. Siku moja mwenzangu aliniambia "niaje" tu, salamu ya watu wema, nikafika nyumbani na unga wa uji na wembe. Mama alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akatema mate upya, nami nikageuka kurudi dukani.

Nilijisifu sana kwa mbio zangu. Wenzangu walisimulia makofi waliyopokea kwa kukuta mate yamekauka, lakini mimi sikuwahi kuyakuta makavu hata mara moja. Nilisimama kwa muuza mahindi kumwangalia akipuliza makaa, nikasimama kwa wasichana wanaoruka bladaa, ile kamba ya mpira, nikaruka raundi mbili tatu, na bado niliporudi yalikuwa yanang'aa pale mlangoni. Niliamini kwa dhati kwamba hakuna mtoto aliyenishinda mbio mtaa mzima.

Nikisimulia haya kwa wazazi wenzangu wa siku hizi, wananitazama kwa huruma, utadhani nililelewa na mbwa. Mimi naona walionyimwa ni watoto wao. Sikatai kwamba hatari ilikuwepo. Nina kovu gotini la kupanda mabati ya mtu, na mtoto wa safu ya pili ya nyumba aligongwa na baiskeli ya mkate akavunjika mguu. Lakini tulikuwa watoto wa kila mtu. Jirani akikukuta unaning'inia nyuma ya lori la takataka alikuchapa, akakushika sikio hadi kwenu, ukachapwa tena kwa kumsumbua jirani. Na jirani huyohuyo, ukipita kwake saa ya chakula, alikusukumia sahani ya githeri bila kukuuliza kama una njaa. Baba, aliyekuwa dereva wa kaunsili, alituacha asubuhi tukiwa safi na kutukuta jioni tuna rangi moja na uwanja. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya afya.

Sasa mimi ni mama, na ni mwoga kupindukia. Naishi Umoja, ghorofa ya nne, vyuma dirishani, vyuma mlangoni, mlinzi getini. Binti yangu ana miaka tisa na hajawahi kununua hata chumvi peke yake. Gari la shule humchukua getini na kumrudisha getini. Muhula mzima alikuwa akinisihi, "Mami, si uniache niende tu dukani? Wanasema mimi ni mayai." Mayai ni watoto wanaobebwa kwa uangalifu wasije wakavunjika, na wa ghorofa ya pili ndio waliompa jina hilo. Lilimliza. Nami nilimwambia ngoja, utakua.

Mwezi wa pili, jua likiwa kali, mama alitoka Ukambani kuja kukaa nasi wiki moja. Siku ya tatu, mchuzi ukiwa jikoni, akakuta hakuna majani ya dania ya kuunukisha. Akamwita mjukuu wake, ambaye humwita susu, nyanya kwa Kikamba, "Nenda kamnunulie susu dania."

"Nitaenda mimi," nikasema.

"Sikukutuma wewe."

"Mama, kibanda kiko baada ya kona mbili. Huku si kama zamani."

Binti yangu alinitazama. Macho yalikuwa yanaomba kwa namna ambayo singeweza kuivumilia, nikaitikia kwa kichwa. Mama alimshika mkono wakashuka ngazi, nami nyuma yao. Nje ya geti akatema mate kwenye saruji, mlinzi akatoa macho.

"Yasikauke kabla hujarudi."

Mtoto aliondoka kama risasi. Alipopotelea konani moyo wangu ulianza kwenda mbio kuliko yeye. Nikayatazama mate. Jua lile halikuwa na huruma. Yalikonda pembeni, yakabaki doa, doa nalo likaenda. Nikainua mguu kumfuata.

Mama akanishika mkono. "Tulia." Kisha akainama kidogo, akatema tena, palepale.

"Mama, unafanya nini?"

"Wewe ulidhani uliwahi hata siku moja?" Hakunitazama, alikuwa anatazama kona. "Ulikuwa mzembe, mwanangu, hakuna mfano. Unasimama kwa muuza mahindi, unasimama kwenye bladaa. Yakikauka nami natema mengine. Mtoto akiyakuta makavu ataogopa kurudi nyumbani."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani nilipewa mtaa mzima nikakimbie peke yangu, huku yeye akirudi kwenye sufuria zake. Kumbe hakuingia ndani. Alisimama pale mlangoni juani, mdomo ukimkauka, hadi aone kichwa changu kikivuka barabara ya malori. Nilimpenda mama wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilimwonea aibu pia.

Dakika zilienda. Doa la pili nalo likaanza kufifia. Mama akajaribu, akatikisa kichwa.

"Yangu yameisha. Tema wewe."

Nikatema, mbele ya mlinzi na jirani wa ghorofa ya pili aliyekuwa anarudi na watoto wake.

Binti yangu alipochomoza konani alikuwa anahema, viatu vimejaa vumbi, kifurushi kifuani. Hakututazama. Alikuja moja kwa moja hadi getini, akainamisha kichwa, akatazama chini.

"Susu! Hayajakauka!"

Ndani ya karatasi mlikuwa na pilipili hoho mbili. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akamwambia hizo ndizo alizokuwa anazitaka.