Vipande Vitatu Baada ya Sonatina

Siku nilipoimaliza sonatina yangu, kipande cha piano cha wanafunzi, bila kukwama, mwalimu wangu hakunisifu. Alifunga kitabu cha nota, akakirudisha rafuni kwa mkono wa kulia, akasema, "Sasa utachagua mwenyewe."

"Nichague nini, Mwalimu?"

"Vipande vitatu. Uje navyo Jumamosi. Nimekuchagulia tangu uanze, na mtu mzima hapakuliwi chakula milele."

Tulikuwa sebuleni kwake Komarock, mbele ya piano yake ya mbao. Alikuwa mama mzee aliyestaafu kufundisha muziki katika shule za sekondari, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mpiga piano wa kanisa letu la Ziwani, mtaa nilikozaliwa. Mimi nilimwendea nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Watu walinicheka, nikawaacha wacheke. Mwaka uliotangulia siku hiyo alikuwa amepatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, ulimi nao ukarudi na ukali wake wote, lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala mapajani. Tangu wakati huo hakuwa amepiga piano mbele ya mtu. Alinifundisha kwa kuimba, kwa kugonga mapigo juu ya mbao, na nikizidi kukosea, kwa kunigonga bega.

Kazi yangu ni ususi. Saluni yangu iko Tassia, chini ya jengo lilelile ninamoishi, na juu kwenye ghorofa ya nne nina piano ya umeme ninayofanyia mazoezi asubuhi, vipokea sauti masikioni, kabla wateja hawajafika. Kusuka kumenipa kitu ambacho wanafunzi wengi wa piano wanakililia: kidole changu cha pete na kile cha mwisho vina nguvu sawa na gumba. Ila viganja vyangu ni vidogo. Nota nane nazifikia kwa kujinyoosha. Zaidi ya hapo ni kujidanganya.

Nilirudi nyumbani nikijua ninachotaka. Kuna kipande cha kishindo ambacho kila mtu aliyefika ngazi yangu hukikimbilia, kile ambacho ukikipiga ukumbini watu hugeuza shingo. Nikakifungua. Ukurasa wa kwanza niliupiga polepole na nikajiona bingwa. Ukurasa wa pili, mkono wa kushoto ulitakiwa kuruka huku na huku ukiwa umepanuka, na kufikia Jumatatu kifundo cha mkono kilikuwa kinauma. Jumanne nilikuwa na mteja wa rasta nyembamba, kazi ya kutwa. Nilisuka nikiuma meno. Jioni nikakiondoa kitabu kile kwenye piano, na nakiri sikusikia uchungu wowote. Mkono huu unalisha nyumba, na muziki wa kunivunja mkono haujaandikwa kwa ajili yangu.

Nikaamua kuchagua ninavyojua mimi. Nilitafuta rekodi za vipande vya ngazi yangu, nikawa navicheza saluni kwenye spika ndogo. Kipimo changu kilikuwa rahisi: kipande kikiweza kurudiwarudiwa tangu nywele zinapogawanywa hadi ncha zake zinapochovywa kwenye maji moto, na bado nikataka kukisikia, hicho nitaweza kuishi nacho kwa miezi. Kwa sababu kujifunza kipande ni kuishi nacho. Usipokipenda sana, utakichukia kabla hujakijua.

Vingine vilianguka mapema. Kimoja kilimfanya mteja aulize, "Sister, nani amekufa?" Lakini ilipokuja waltz moja fupi ya huzuni, muziki wa dansi wa mapigo matatu, yule dada niliyekuwa namsuka alitulia, akaacha hata simu yake.

"Hii ni ya mtu ameachwa," akasema, "lakini amevaa poa."

Sijawahi kusikia waltz ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Niliichukua.

Cha pili kilikuwa kipande cha zamani cha sauti mbili, mkono wa kulia ukianza na wa kushoto ukiufuata.

"Mbona wanabishana hivyo?" akauliza mama mmoja chini ya kikaushio.

"Hawabishani, mathe. Huyu anarudia alichosema mwenzake."

"Basi ni mimi na mama mkwe wangu kabisa."

Nikakichukua hicho pia, maana mkono wangu wa kushoto ulikuwa mvivu na pale usingepata pa kujificha.

Cha tatu kilinisumbua hadi Ijumaa. Nilikuwa nikipekua rundo la nota nililoazimwa na Mwalimu nikakuta kipande cha watu wawili kwenye piano moja. Nilikuwa karibu kukipita. Kisha nikaona kwamba katika sehemu ya juu, ya yule anayekaa kulia, mikono yote miwili inapiga wimbo uleule, mmoja chini ya mwenzake, mwanzo hadi mwisho. Nikausoma ukurasa tena, taratibu. Ukiutoa ule mkono wa kushoto, wimbo wote unabaki. Sehemu ya chini, ya anayekaa kushoto, yenye sauti nzito za besi na mapigo, ilikuwa saizi ya viganja vyangu.

Jumamosi nikaweka nota tatu mbele yake. Waltz aliikubali kwa kutikisa kichwa. Sauti mbili alizipokea kwa mguno wa furaha. Alipofika kwenye cha tatu, uso ulibadilika.

"Hiki ni cha watu wawili."

"Ndiyo, Mwalimu. Mimi nitashika sehemu ya chini. Wewe ya juu."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii."

"Nimezeeka, sijapumbazika. Umetafuta mahali pa kumpa kilema kazi."

Neno hilo lilinichoma, lakini sikurudi nyuma. "Mwalimu, umeniambia mara ngapi kwamba nakimbia, nayaacha mapigo nyuma? Nikiwa peke yangu hakuna wa kunizuia. Nataka kupiga na mtu ambaye nikikimbia ataniacha nianguke. Kanisa zima hakuna mwingine ninayemwogopa."

Aliivuta nota karibu. Akasoma ukurasa wa kwanza akivuma kwa midomo iliyofungwa. Halafu, bila kuniangalia, akasema, "Sogea kushoto. Umekalia nafasi yangu."

Mara ile ya kwanza vidole vyake vilikuwa vizito, akakosea, akatukana kwa Kikuyu, lugha ya kwao ambayo nilidhani huitumia kwa sala tu. Nami nilikimbia, kama kawaida yangu. Aliondoa mkono, akaniacha nikihangaika na besi peke yangu hadi nikasimama kwa aibu. "Umemaliza safari yako?" akauliza. "Sasa turudi mwanzo." Tuliendelea hivyo Jumamosi nyingi. Waltz nilikuwa najifunza nyumbani, sauti mbili nazo asubuhi ya kila siku, lakini kile cha watu wawili kilikuwa cha kwetu. Mwana wa Mwalimu alinifungulia lango siku moja akaniambia mama yake ameanza kufanya mazoezi peke yake, tena hataki kuzungumzishwa.

Tulikipiga Ziwani, Jumapili moja mchana baada ya ibada, kanisa lilipoandaa muziki wa kuchangamsha watu kabla ya chakula. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele na wanawake wenzake, wamejifunga leso. Nilianza na waltz na ikaenda kama nilivyoitaka. Kisha Mwalimu akapanda, akaketi kulia kwangu. Wengi hawakuwa wamemwona kwenye piano ile tangu augue.

Tulianza vizuri. Katikati, makofi ya waltz bado yakinizunguka kichwani, nikakimbia. Mwalimu aliondoa mkono.

"Umekimbia," akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Turudi."

Kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka. Tukarudi. Safari hii nilimsikiliza yeye, sikuusikiliza mkono wangu, na wimbo wake wa mkono mmoja ukapita juu ya besi yangu ukiwa mwepesi, umenyooka. Hakuna kilichopungua. Tulipomaliza, mama yangu alipiga vigelegele kana kwamba ni harusi, na wenzake wakampokea.

Kiongozi wa kwaya alisimama kuomba mpiga piano kijana, aliyeshika nafasi ya Mwalimu tangu augue, aje atupigie wimbo wa kufungia. Mwalimu hakuinuka kwenye kiti. Alianza kuupiga ule wimbo mwenyewe, taratibu, kisha akanigusa kwa kiwiko.

"Besi," akasema. Nikaweka mikono.