Mguu wa Nasieku

Nasieku hakuzaliwa Karatu, na kama angeulizwa, asingekubali hata kuzeekea hapo. Kwao kulikuwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, karibu na chemchemi ya Ngoitokitok. Huko ndiko alikozaliwa, akaolewa, akamzaa Tobiko, akawa mjane. Mwaka 1974, watu waliokaa kule chini walipohamishwa, alipanda ukuta wa kreta kwa miguu nyuma ya punda wawili, na tangu siku ile hakushuka tena. Ng'ombe waliisha mmoja mmoja. Tobiko akajifunza ufundi wa magari Karatu, akafungua gereji nyuma ya nyumba yake, na mama akamfuata. Angekwenda wapi?

Kwa miaka yote aliyokaa hapo aliyatazama magari ya watalii yakipita na vumbi lao kuelekea kwao. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyokuwa tayari kusema. Wazungu wenye kofia za ajabu walikwenda kwao kutazama nyati, na yeye mwenye kwao alibaki uani akichambua maharage, chakula ambacho hakukizoea mpaka kufa kwake. Kushuka kwa miguu hakungewezekana, magoti yalishakataa. Alitamani kitu kimoja tu: aingize mguu kwenye maji ya Ngoitokitok, kisha amwage maziwa kidogo pale boma lao lilipokuwa. Kila gari lilipopita alinyamaza mpaka mlio wake uishe, na Tobiko alikuwa akimwona.

Kiangazi cha mwaka 1984 bahati ilikuja na Land Rover bovu. Elibariki, dereva mtu wa Machame, alikuwa na safari ya Jumatatu kupeleka vyakula kwenye kambi ya wageni kule chini, na kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

"Nitengenezee breki, Tobiko," alisema, "nami mama nitamshusha mwenyewe, jioni nimrudishe."

"Zina nini?"

"Zina upepo. Nikikanyaga, ni kama nimekanyaga uji."

Akaliacha gari, akaenda kuhangaikia petroli.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani akakanyaga. Mwenzake hulala chini ya gari na spana, akafungua skrubu ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, mafuta yakatoka pamoja na upepo, kisha akaifunga. Wa juu akiachia mguu kabla skrubu haijafungwa, upepo wote hurudi ndani. Ilikuwa Jumapili, na majirani wote walikuwa kanisani. Alibaki Nasieku.

"Yeyo, panda ukanyage," Tobiko alimwambia mama yake kwa Kimaasai. "Nikisema kanyaga, kanyaga ushikilie. Usiachie mpaka niseme achia."

Nasieku alipanda, akakusanya shuka yake, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa hakuna aliyemwambia aushike. Alipoinama mlangoni aliona mpira mwembamba ukiingia kwenye chupa, na mafuta yakitoka na mapovu. Ala, kumbe ni kukamua! Na kukamua alikujua tangu utoto: unabana, unaachia, unabana, unaachia. Nani hushikilia chuchu ya ng'ombe? Basi akaachia.

"Yeyo, unaachia!"

"Maziwa hayarudi kwenye chuchu," alijibu, amenuna.

Haya yalirudi. Mpaka alipoizoea kazi, mafuta mengi ya breki yalikuwa yameshamwagika, na kopo lilikuwa moja tu. Mwaka ule hata kipande cha sabuni watu walikuwa wakikiota. Kwenye magurudumu matatu upepo ulitoka vizuri. Kwenye la nne, la mbele upande wa dereva, mafuta yakaisha. Tobiko aliyachuja yale ya kwenye chupa kwa kitambaa, akayarudisha na vipovu vyake. Nasieku akakanyaga. Mguu ukazama. Akakanyaga tena, ukapanda kidogo. Mara ya tatu ukagota.

"Ukikanyaga mara tatu inashika," alisema Tobiko akifuta mikono, bila kumtazama. "Inatosha."

Tobiko alikuwa fundi mzuri, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Alijua kabisa alichokuwa anakifanya.

Jumatatu asubuhi Nasieku alikaa kiti cha mbele amevaa shanga zake zote, kibuyu cha maziwa mapajani. Elibariki akakanyaga haraka haraka mara tatu.

"Ngumu kabisa! Fundi, umeiweza."

Tobiko alicheka kidogo, akaenda kufungua geti.

Nasieku aliutazama mguu wa dereva. Aliukumbuka ukuta ule, kona zake, na upande mmoja mtu hana pa kushika. Kwenye kona kama zile nani atakupa nafasi ya kukanyaga mara tatu? Alitaka kwenda. Na angeweza kunyamaza tu, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi sokoni, nani angemlaumu?

Akamshika Elibariki mkono, akainua kidole.

"Moja."

"Unasemaje, mama?"

"Kanyaga moja. Moja tu."

Elibariki akakanyaga mara moja. Mguu ulikwenda mpaka sakafuni.

"Tobiko," alisema polepole, "na mama yako mzazi ungemweka humu?"

Tobiko alikuwa bado ameshika geti.

Vyakula vilihamishiwa juu ya paa la gari la Yohani, dereva Mwiraqw wa Ganako, ambalo ndani lilikuwa limejaa wageni na vyombo vyao. Hapakuwa na nafasi hata ya kuku. Nasieku alimpitishia kibuyu dirishani, na Tobiko akatafsiri: amwage maziwa karibu na chemchemi, kwenye mti mkubwa ulio peke yake, palipokuwa na boma lao.

Jioni Yohani alirudisha kibuyu, na kilikuwa kizito.

"Maziwa nimeyamwaga alipotaka," alimwambia Tobiko. "Nimeona aibu kumrudishia kibuyu kitupu. Nimemchotea maji ya pale pale."

Nasieku alikaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji. Tobiko alichuchumaa mbele yake. Tangu asubuhi mama alikuwa hajamwambia neno.

"Utakunywa, yeyo?"

Nasieku alivua katambuga ya mguu wa kulia, ule wa kukanyagia, akayamimina maji juu yake kidogo kidogo mpaka kibuyu kikaisha. Aliutazama mguu ukichuruzika, machozi yakimtoka waziwazi.

"Yamepata joto njiani," akasema. "Kule yalikuwa ya baridi."