Imeshika, Alisema Injinia

Nesi alikuwa na kaka yake mkubwa, wenyewe wakimwita Injinia. Uinjinia aliusomea wapi, Mungu ndiye ajuaye, maana kazi yake ilikuwa kuuza misumari na rangi kwenye duka la watu. Lakini nyumbani kwao chuma chochote kilikuwa halali yake: bawaba, bomba, mpaka kitanda cha mama. Na familia ile ina ugonjwa wake. Kaka akishatengeneza kitu, anakitikisa mara moja, anasema, "Imeshika," na nyote mnaitikia, "Asante, kaka." Basi. Kukigusa tena ni kumvunjia heshima. Hata siku kitanda kilipoanguka na mama juu yake, walilaumu godoro. Ukicheka na nyani utavuna mabua, na wale walicheka naye miaka mingi.

Nesi naye alikuwa akiitikia. Lakini huyu alikuwa mfanyakazi wa wodi ya mifupa. Vijana wa pikipiki aliowaosha vidonda hawahesabiki, na wengi walikuwa na hadithi ileile: kitu kimedondoka kutoka gari la mbele. Ngazi, tairi, godoro, na mwenye gari hata hakusimama. Nesi alikuwa akirudi nyumbani amefura kwa hasira, na hana wa kumtolea.

Asubuhi ya safari ya familia nzima kwenda kwa shangazi, alitaka kuchukua baiskeli yake na za wanawe. Alikuwa amenunua kibeba baiskeli, kile cha kuchomeka kwenye bomba la mraba la kuvutia tela, chini ya bampa ya gari lake. Mama akampigia simu Injinia. Nani alimtuma? Nesi alipomaliza kufunga mizigo na kutoka nje, baiskeli zilikuwa zimeshapandishwa, zimefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani.

Akainama kutazama. Mkono wa kibeba baiskeli ulikuwa mwembamba kuliko bomba, kwa hiyo kaka alikuwa ameuzungushia vipande vya tyubu kuukuu na kuushindilia kwa nyundo. Pini ya kuuzuia usichomoke haikuwepo. Mahali pake palikuwa na waya.

"Kaka, pini iko wapi?"

"Matundu yamekataa kukutana," alisema Injinia. Akatikisa mara moja. "Imeshika."

Mama, aliyekuwa mlangoni, akasubiri bintiye aitikie. Nesi hakuitikia.

"Hii ikichomoka barabarani, kaka, aliye nyuma yangu anakufa."

"Mama, unamsikia huyu? Nimeacha kazi za watu, hata chai sijanywa, malipo yangu ndiyo haya."

"Mshukuru kaka yako, tuondoke," mama alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Wodini kwangu, mama, wamelala waliovunjwa na wakuu wasiosikia."

Alilisema polepole. Alikuwa na hasira na waya, na tyubu, na ile asante yenyewe. Mtu mzima unapewa pini dukani, imo ndani ya boksi, halafu unafunga waya kwa sababu hakuna atakayekuuliza!

Sasa, gari lilikuwa likimtapisha mama, na siku zote alikuwa akipakiwa kwenye pikipiki ya Injinia. Nesi akamgeukia kaka yake.

"Sawa. Umesema imeshika. Basi mpakie mama, mnifuate. Kaa karibu kabisa na hizi baiskeli, njia nzima."

Injinia akautazama ule waya. Akajifuta mikono kwenye suruali, kisha akajifuta tena.

"Sisi tutatangulia," alisema. "Mtatukuta huko mbele."

Mama akamgeukia mwanawe wa kwanza.

"Na nyuma wakae watoto wa nani?" aliuliza.

Mama akashuka ngazi, akapita mbele ya Injinia bila kumtazama, akaanza kufungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Lete spana, mwanangu," alimwambia Nesi.