Digrii Tisini Nyuma ya Pazia

Siku ile nnaikumbuka kwa joto lake, mwanangu. Pazia lishashushwa, dirisha limetiwa komeo, na sisi wanawake wawili tumo ndani tunarowa jasho kama tuko jikoni kwenye shughuli. Nilikuwa msichana, umri wako huu au nnakuzidi kidogo. Jana nilipokuona umeiweka laptopu juu ya godoro, inavuma, na weye huna habari, moyo ukanirudisha kule. Basi kaa nikwambie.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Bi Zuwena, Mungu amrehemu, ghorofani katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe. Kazi yetu mikanda ya video ya harusi. Unazijua harusi zetu, upande wa wanawake watu wanavua mabuibui, wanajipamba, wanacheza, na mpigaji picha lazima awe mwanamke. Bi Zuwena ndiye aliyekuwa akipiga. Halafu tunauingiza mkanda kwenye kompyuta, tunakata, tunapanga, tunatoa CD. Mkanda wenyewe tunaufuta, tunaupeleka harusi nyengine.

Watu walimuamini kwa sitara yake. Dirisha letu lilitazamana na roshani ya nyumba ya pili, karibu mtu apeane mkono na jirani, na roshani ile kutwa wamekaa wanaume wanacheza karata. Kwa hivyo picha za harusi zikitokea tu kwenye kioo cha kompyuta, pazia chini na dirisha komeo, upepo usije ukalipeperusha. Hilo halikuwa na mjadala.

Jioni, baada ya Magharibi, nilikuwa nnakwenda darasa la kompyuta, maana skuli ya mchana ilinikatikia njiani. Mwalimu akatupa kijiprogramu cha kuonesha joto la mashine. Nikakitia kwenye kompyuta ya Bi Zuwena. Siku ya mwanzo natazama, prosesa, ule ubongo wa mashine, imeandikwa digrii hamsini na mbili. Mie digrii ninazozijua ni za kile kipimo cha kutia kwapani. Mtu akifika arubaini anaweweseka. Hamsini na mbili si maiti huyo? Nikachomoa waya.

Bi Zuwena akaja na msala wake wa kusalia mkononi. "Nani kazima?"

"Mie, Bi Zuwena. Ina homa."

"Ina nini?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi ikande maji kichwani, mwanangu. Uitilie na marashi ya waridi."

Mwalimu akanifahamisha kwamba mashine si mwanaadamu. Kwa mashine ile yetu hamsini ni uzima wake, na ikifanya kazi nzito ikafika sabini haina neno. Lakini kwenye programu kulikuwa na mstari mwengine, umeandikwa mia na ishirini na saba. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, mashine baridi, mashine moto, hivyo hivyo. Mwalimu akasema kipimo kile hakikuungwa na kitu, nisikitazame. Bi Zuwena hayo hakutaka kuyasikia. "Ingekuwa kweli mia na ishirini na saba, si tungekuwa tunachemshia chai? Kitu chako kinasema uongo." Na toka siku ile, kila nikitazama programu, ananiuliza mgonjwa kaamkaje.

Ikaja harusi ya Salma, binti wa Bi Asya wa Mwanakwerekwe, mtoto wake pekee. Harusi ilikuwa nzuri, alhamdulillahi. Tukaiingiza kwenye kompyuta, mkanda tukaufuta, ukaenda kwenye harusi ya Kidichi. Kabla hatujamaliza kuipanga, tukasikia Salma kafariki. Kaumwa siku chache tu. Hata hina ya harusi haijamtoka yote kuchani.

Bi Asya akaleta salamu. Hataki CD ya kupangwa wala ya nyimbo. Anataka amuone mtoto wake. Picha zile hazikuwapo pahala pengine popote duniani ila ndani ya mashine yetu.

Tukaishika kazi mchana kutwa, na joto la kaskazi lishaingia. Nikaanza kuona. Asubuhi, pazia halijashuka, prosesa ina digrii sitini. Pazia likishuka inakwenda themanini, themanini na nane. Siku moja tisini na tatu, na hata tukiiacha ipumzike, namba haishuki.

"Bi Zuwena, imepanda."

"Leo tena ina homa?"

"Ule mstari wa uongo hausogei. Huu unasogea. Unapanda pazia likishuka. Tufungue dirisha."

Akaacha kucheka. Akaniangalia. "Unataka nimfungulie mtoto wa watu wale wanaume wamuone kichwa wazi, na yeye yuko kaburini?"

Hakukosea, mwanangu. Ile ilikuwa amana. Mwenyewe nilipofikiria Salma anatazamwa na wacheza karata, nikalivuta pazia likaziba vizuri. Tukaleta feni ya mezani, ikawa inatuzungushia joto lile lile. Mashine ikajizima. Tukaiacha ikapoa, tukaiwasha, ikajizima tena. Kila ikizimika ilikuwa katikati ya kuandika picha zetu. Mwisho ikawaka, lakini kilichokuwamo hakikusomeka.

Fundi alituambia prosesa ilikuwa ikijizima kujiokoa, haikufa. Kilichoumia ni diski, kwa kukatwa kazi kila mara. Akatuokolea kipande kifupi tu.

Bi Asya akaja mwenyewe. Nikamuamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa na buibui lake, anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Bi Zuwena akamueleza yote, hakuficha hata moja. Bi Asya akalitazama pazia. Akaitazama mashine. Kisha akanyoosha mkono akakishika kioo, akakisukuma taratibu, kikageuka.

"Si mngekigeuza tu kikatazama ukuta?" akasema. "Dirisha mkaliacha wazi."

Hakusema kwa hasira. Bora angepiga kelele.

"Bi Asya," Bi Zuwena akaita.

"Naam."

Bi Zuwena akainuka, akakitafuta kile kipande alichokiokoa fundi.

Tukamuonesha kipande kile kwenye kompyuta ya kuazima. Picha yenyewe ni viatu vya wanawake mlangoni, vimerundikana, na ndani, kwa mbali, mtu anacheka. Bi Asya akainama mpaka sikio likakaribia spika. "Huyu ndiye," akasema. Akataka arudishiwe tena. Tukamrudishia mpaka adhana ya Laasiri.

Alipoondoka, Bi Zuwena akaigeuza meza, mgongo wa kioo ukaelekea dirishani, akafungua komeo. Miaka yote iliyobaki ikakaa hivyo. Kwangu alisema neno moja tu: "Siku nyengine usinambie namba na dirisha tu. Nambie tukae vipi."

Basi, mwanangu, hiyo programu ya joto uliyonayo kwenye laptopu isikutishe na usiidharau. Kwanza jua namba ya mashine yako ikiwa nzima, imekaa haina kazi, halafu ijue ikiwa kazini, maana kila mashine ina yake, na aliyeitengeneza kasema mwisho wake wapi. Ukiona mstari hausogei mwaka mzima, huo uache, lakini usiitupe programu nzima kwa ajili yake. Ikiruka kidogo ukifungua kazi nzito kisha ikashuka, ni kawaida. Ikipanda na isishuke hata ukiipumzisha, tafuta kilichobadilika pale chumbani: godoro, vumbi la feni, pazia. Na ukishajua, usisimame kwenye njia mbili tu kama tulivyosimama sisi, ama tufunge ama tufedheheke. Ya tatu ilikuwa mbele yetu, inageuka kwa mkono mmoja, na hakuna aliyeigusa.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona mapema, na ulimi wa kusema ukasikilizwa. Akulindie amana za watu zitakazopita mikononi mwako. Amrehemu Bi Zuwena, amrehemu Salma, na mama yake ampe subira popote alipo. Amin. Sasa inuka, uitoe hiyo laptopu godoroni.