Mwanamke Aliyepiga Yowe Kilimani

Kabla hamjasimuliwa sokoni Katoro, bora mnisikie mwenyewe.

Jumamosi nilijaribu njia mpya ya baiskeli tuliyochonga kilimani, nje kidogo ya Ushirombo. Katikati ya mteremko breki zikakataa. Mawe yakanijia mbio, kifuani kwangu kukatoka yowe nisilolijua, kisha kichaka kikanipokea.

Nikiwa bado nachomoa miiba, filimbi zikaanza kulia kitongoji baada ya kitongoji. Huku kwetu mwano ukipigwa, yaani yowe la hatari, kila mwanamume hutoka. Nikaiacha baiskeli, nikajiunga na sungusungu, walinzi wa kijiji.

“Kuna nini, Baba Kulwa?” nilimuuliza kamanda wao.

“Kuna mwanamke anauawa huko juu. Bibi huyu kamsikia,” akajibu, akimwonyesha kikongwe aliyesimama kando yake.

Nikatafuta kwa bidii kuliko wote, nikiita, “Dada! Uko wapi, dada?”

Akili ilinirudi walipomleta muuza mkaa waliyemkuta njiani, mikono imefungwa kamba.

“Sijaona mwanamke yeyote, wazee wangu!” alilia.

Fimbo ya kwanza ikainuliwa. Ningeweza kunyamaza, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

“Ni mimi,” nikasema hatimaye. “Huyo mwanamke ni mimi.”

Kamanda akazitazama ndevu zangu. “Hebu piga tena, tusikie.”

Nikafumba macho, nikapiga yowe mbele ya kijiji kizima.

Bibi akatikisa kichwa kukubali. “Ndiye. Mfungueni huyo baba, dada yetu ameonekana.”