Vidole Vitatu Juu ya Tairi

Mtaani walimwita Fundi Vidole, na jina hilo hakulipata kwa wizi, ingawa wenye midomo waliwahi kuwaambia wageni hivyo ili wacheke. Alilipata kwa kupima. Gari likiingia gerejini kwake, kabla hata hajamsalimia mwenye gari, alichuchumaa penye gurudumu la nyuma na kupenyeza mkono wake wa kushoto kati ya tairi na bodi. Vikipita vidole vinne, gari ni tupu. Vitatu, limebeba familia na mizigo ya kiasi. Viwili, limejaa, lisiongezwe hata mkoba. Kikipita kimoja, Fundi Vidole alisimama, akajifuta mkono kwenye ovaroli lake, na hapo majirani wakapunguza redio zao wasikie vizuri.

"Umemuaga mkeo?" alimuuliza siku moja muuza vigae aliyejaza boksi ishirini na mbili kwenye gari dogo la kutembelea.

"Naenda hapo tu, fundi."

"Ndiyo nakuuliza. Umemuaga?"

Alikuwa fundi springi, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na moja. Gereji yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, na kwenye ukuta springi kuukuu zilining'inia kwenye misumari kwa ukubwa wake, kuanzia ya kigari cha milango miwili hadi ile ambayo mtu mmoja haibebi. Alizifahamu zote kwa mkono, gizani au mchana. Wateja aliwafahamu pia, na wengi wao walimkera.

Kilichomkera ni kwamba watu hawa walikuwa na kipimo kimoja tu, nafasi. Kwao gari limejaa pale mlango unapokataa kufungika, na ukifungika kwa kusukumwa na goti, basi nafasi bado ipo. Kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chenye idadi ya kilo ambazo gari limeruhusiwa kubeba, hawakuwahi kukisoma. Wengine walikipaka rangi. Wakishapasua tairi, wakishaunguza breki, wakishavunja springi vipande viwili, walikuja kwake na sura za kuonewa, wakalaumu barabara.

Lakini kitu kilichomtia wazimu hasa ni mipira. Kuna mafundi wanaokata vipande vya tairi la lori, wakavishindilia katikati ya mizunguko ya springi na kuvifunga kwa waya. Springi ikishakabwa hivyo hailali tena. Gari hata lipakiwe nini, nyuma linabaki juu, limebinuka kama bata. Mwenyewe anafurahi kwamba haligongi matuta, na askari wa barabarani akilitazama haoni kitu. Uzito haujaondoka, umefichwa tu, na wanaoubeba sasa ni tairi, breki na roho za watu walio ndani. Mteja akija kuomba mipira, Fundi Vidole alimfukuza hadi barabarani na spana mkononi. Kwa nini aliichukia kiasi hicho, hakuna aliyewahi kumuuliza. Walisema ni mzee mkali tu.

Jumamosi moja asubuhi binti yake wa pekee alifika na mumewe, watoto wao wawili na mama mzazi wa huyo mume. Walikuwa wanahama. Mume, aliyekuwa karani wa stoo, alikuwa amehamishiwa mji mwingine na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Safari ilikuwa ya saa tano, na katikati kulikuwa na mteremko wa kilomita tisa wenye kona ambazo madereva wa malori huzipita wakiwa kimya. Gari walikuwa wamelinunua miezi miwili nyuma kwa mtu aliyekuwa amelinunua kwa mtu mwingine. Mzee hakuwa amewahi kuliona.

"Tumepita kukuaga, baba," alisema binti yake. "Na utujazie upepo kidogo."

Fundi Vidole alichuchumaa kabla hajawashika wajukuu. Vilipita vidole vitatu. Akafurahi, na kufurahi kwake kulikuwa kwa nadra, hata akamtazama mkwewe kwa jicho jipya. Ila alipoinamia tairi ili ajaze upepo, furaha ikakatika. Tairi lilikuwa limetuna chini kwa pembeni, kama shavu la mtu aliyejaza chakula mdomoni.

"Mkwe, umebeba nini?"

"Vitu vidogo vidogo tu, baba. Vikubwa tumeuza."

Akafungua buti. Kulikuwa na mtungi wa gesi, cherehani ya miguu ya chuma, gunia la mchele, maboksi matatu ya vitabu, galoni za mafuta ya kupikia, na chini kabisa, vimefungwa kwa shuka, vyuma vya mazoezi.

Angekuwa muuza vigae, angemtukana papo hapo. Lakini mkwe ni mkwe, na Fundi Vidole alikuwa ameushika ulimi wake mbele ya kijana huyu kwa miaka saba.

"Mwanangu," alimwambia polepole, "huko unakokwenda hakuna mawe ya kunyanyua?"

Mkwewe alicheka. Yeye hakucheka.

"Shukeni wote. Mnapimwa."

Jirani wa gereji alikuwa mwanamke mnunuzi wa chuma chakavu, Mama Skrepa, na mizani yake ya chini ilitosha kulaza mlango wa lori. Wakaanza na mizigo, kipande kwa kipande, na Fundi Vidole akaandika kwa chaki ukutani. Kisha watu. Mkwe alipanda shingo upande, binti akapanda, watoto wakapanda wakigombania nani mzito. Mama wa mkwe akagoma.

"Mimi sipimwi pamoja na mabati, baba. Mimi si skrepa."

"Panda tu, dada," alisema Mama Skrepa. "Leo sinunui."

Akapanda amefumba macho, ili asiione namba. Wakati huo mjukuu mdogo alimvuta babu yake suruali. "Babu, gari yetu inanuka. Ikishuka mlima inanuka kama nguo iliyoungua pasi."

"Ni breki mpya hizo," alisema mkwe haraka. "Zinajizoesha."

Fundi Vidole aliacha kuandika. Damu ilianza kumchemka, na safari hii hakuna heshima ya ukwe iliyoweza kuipoza.

"Watu, kilo mia mbili tisini na sita," alisema, akigonga ukuta kwa chaki. "Mizigo, mia tatu thelathini na moja. Jumla, mia sita ishirini na saba. Njoo hapa mlangoni usome. Kibati kinasema mia nne na ishirini, watu na mizigo yao, dereva naye ndani yake. Umezidisha kilo mia mbili na saba. Hao ni watu wazima watatu, mwanangu. Umewakalisha wapi? Umemkalisha nani juu ya binti yangu?"

"Baba, tusigombane mbele za watu."

"Watu wamezoea."

"Lakini gari haijashuka!" Mkwe naye sasa alikuwa amefura. "Wewe mwenyewe umepima. Vidole vyako mwenyewe, baba, vimepita vitatu. Mtaa mzima unajua vitatu maana yake nini. Sasa leo kwa kuwa ni mimi, vidole vimekuwa vya uongo?"

Kijana alikuwa na haki. Kipimo alichowapigia watu kelele kwa miaka mingi kilikuwa kimesema twende, na kama asingeliangalia tairi, angewaambia safari njema na kuwapungia mkono hadi kona ya barabara. Fundi Vidole alivuta jeki. Alilinyanyua gari, akatoa gurudumu, akaingiza kichwa na tochi.

Mipira ilikuwepo. Vipande viwili vya tairi la lori, vimeng'aa kwa kusuguliwa, vimekaa imara katikati ya springi. Akatafuta tusi kubwa la kumtukania fundi aliyefanya kazi ile. Ndipo alipouona waya.

Ulikuwa waya wa shaba wa dinamo. Ulizungushwa mara tatu, ukasokotwa kuelekea kushoto, na ncha yake ikakunjwa kurudi ndani ili isimchome fundi mwingine atakayeingiza mkono. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona fundi mwingine aliyejali mkono wa mwenzake kiasi cha kukunja ile ncha.

Kazi hiyo ya kufunga mipira aliifanya yeye mwenyewe kwa miezi kumi na moja, zamani, kwenye gereji ya ng'ambo ya mji, kabla hajahamia hapa. Na isisemwe kwamba ni njaa. Alikuwa na wateja wa kumtosha. Ilikuwa sifa. Watu walimwita daktari wa magari, walimletea ndugu na marafiki, na yeye akavimba kichwa, akakata mipira kuanzia asubuhi hadi jioni. Kisha mteja mmoja, mwalimu mpole, akarudi kwa magongo. Tairi la nyuma lilimpasukia akiwa na watu saba ndani, na wawili kati yao hawakurudi. Mwalimu hakuja kulaumu. "Mipira yako haikuwa na shida, fundi," alisema. "Ni tairi tu ndilo lilipasuka." Akamshukuru, akaondoka. Tangu siku ile Fundi Vidole alikuwa mtu wa hasira, na hasira hiyo aliwamwagia wengine, kwa kuwa mwenyewe aliyestahili kumwagiwa alikuwa anajificha ndani ya ovaroli lake.

Mkwe aliinama pembeni yake, akaona mipira.

"Nini hii? Nani mshenzi aliyefanya hivi?" Alishika springi kwa mkono. "Huyu mtu ningempata leo, ningemvunja vidole kimoja kimoja."

Kusema sijui kungekuwa rahisi, na kungeaminika. Mama Skrepa alikuwa amesimama getini, na nyuma yake kulikuwa na kinyozi, fundi wa redio na wengine waliokuja kusikia mzee akitukana. Binti yake alikuwa amembeba mtoto mdogo, mguu wa mtoto ukining'inia karibu na uso wa babu yake pale chini. Fundi Vidole aliutazama mguu ule.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini, baba?"

"Mimi ndiye mshenzi. Waya umesokotwa kushoto." Akauinua mkono wake wa kushoto ili wote wauone. "Kazi ni yangu. Niliiweka kabla hamjaoana."

Mkwe alisimama, akajipangusa magoti, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Miezi miwili nawapakia wanangu humu."

"Ndiyo."

"Na wewe kila siku unatukana watu hapa."

"Ndiyo."

"Itoe, baba," alisema binti yake. Kwa hasira ile alikuwa amefanana na baba yake kupita kiasi. "Maneno baadaye. Itoe sasa hivi."

Mzee alikata waya. Mipira ilikataa kutoka, akaichokonoa kwa mtaimbo huku akiitukana, na akijitukana, kwa maneno yaliyomlazimu mama wa mkwe kuwaziba watoto masikio. Gurudumu liliporudi, mkwe alisema anataka kuona kwa macho yake. Akarudisha mizigo yote ndani, kila kitu mahali pake, na wote wakapanda. Gari likalala. Mkwe mwenyewe akashuka, akachuchumaa, akajaribu kuingiza kidole kimoja juu ya tairi. Hakikupita. Akabaki amechuchumaa hivyo kwa muda mrefu.

Kisha akaanza kushusha. Vyuma vya mazoezi ndivyo vya kwanza, akavitupa juu ya mizani ya Mama Skrepa. "Hivi nunua," alisema. Cherehani, gesi, mchele na vitabu vikaingizwa gerejini kusubiri lori la mizigo litakalopita Jumatatu. Walibaki na mabegi ya nguo na vyombo vichache. Vilipita vidole viwili na nusu, safari hii vya kweli. Mkwe aliwasha gari bila kumpa mkono mzee, na mzee hakuudai. Mama wa mkwe ndiye aliyemuaga, na alimuaga kwa jicho.

Saa nane mchana simu ililia. Alikuwa mjukuu mdogo, anapiga kelele kushinda upepo.

"Babu, tumeshuka mlima. Haikunuka!"

"Haikunuka hata kidogo?"

"Hata kidogo. Baba anasema nikwambie hivyo, ila yeye bado amekasirika."

Fundi Vidole aliirudisha simu mfukoni, akaketi juu ya gunia la mchele. Ni magari mangapi aliyoyafunga miezi ile? Arobaini, labda zaidi. Hakuandika popote. Yameuzwa, yameuzwa tena, yamebadilishwa rangi, na waliomo ndani hawajawahi kumsikia. Aliokota chaki. Chini ya zile kilo akaandika kwa herufi kubwa: MIPIRA YA SPRINGI INATOLEWA HAPA BURE. Mama Skrepa aliisoma, akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Bado alikuwa na chaki mkononi gari la kijivu lilipopita mbele ya geti, nyuma limebinuka juu, watu wamebanana hadi kwenye vioo, limeelekea njia ya mteremko. Fundi Vidole alitoka mbio, ovaroli likimpiga miguuni. "Simama! Simama wewe!" Dereva alimwona kwenye kioo. Akatoa mkono dirishani, akampungia kama anayemsalimia fundi wake wa zamani, akakanyaga mafuta.